Kambale wa Miaka Saba

Zilikuwa zimebaki siku sita bamvua lije, yale maji makuu ya kutolea vyombo vijitoni, na katika siku hizo sita ilimpasa Zamda ajue kusema kwa Kihispania jambo ambalo hata kwa Kiswahili hakuwahi kulisema: anapenda nini, na hapendi nini.

Mwalimu wake alikuwa mzee Salumu, mwenye maneno mengi na meno machache. Mzee huyu aliosha masufuria katika merikebu ya Wahispania miaka kumi na mmoja kabla ya kurudi kwao Kiomboni, visiwani mwa Rufiji, na sasa kazi yake ilikuwa kupanga magome ya mikoko yanayosubiri kupakiwa. Darasa lilikuwa papo hapo juu ya lundo la magome, na harufu yake ya kuchefua. Mwanafunzi hakutulia. Kila mara aligeuza shingo kutazama mdomo wa kijito, akahesabu mitumbwi, akarudisha macho kwa mwalimu, kisha shingo ikageuka tena.

"Tazama hapa," Salumu alisema. "Askari wakija utawasikia, wana viatu. Haya, sema: me gusta."

"Me gusta."

"Yaani chanipendeza, nakipenda. Ukitia no mbele yake, hukipendi. No me gusta. Na ukiwa na viwili ukataka kimoja, prefiero hiki. Basi, umemaliza. Mtoto wa miaka minne kwao anayajua hayo."

"Na mie yatanitosha?"

"Yule nahodha hana zaidi ya hayo. Kutwa kucha ni tumbo lake tu."

Haraka yote hiyo ilitokana na Kibwana, mume wa Zamda. Mwezi wa Mfunguo Tisa, ilipofika dawa ya maji iliyosemwa kwamba itageuza risasi za Wadachi kuwa matone, Kibwana alikuwa amechoka kulimishwa pamba kwa viboko. Aliinywa, akajifunga kipande cha bua la mtama kwenye paji la uso kama wenzake. Asubuhi ya kuondoka alisimama mlangoni, mdogo wake Mussa akimngoja nje, akamwuliza mkewe, "Zamda, unaonaje? Niende au nibaki?"

Neno baki lilimjaa Zamda kinywani. Lakini alikuwa amefundwa na somo yake, kungwi wake, akafundika. Mke hamzuii mume mbele ya watu. Mke hasemi nataka hiki, sitaki kile. Akiulizwa na mumewe anajibu jibu moja tu, na jibu hilo katika nyumba za Kiomboni lilitumika kuliko chumvi.

"Uonavyo wewe, bwana," alisema.

Kibwana alisimama kidogo akiliweka sawa lile bua, ingawa lilikuwa sawa. Kisha akatoka. Mussa, ambaye tangu utoto hakupata kwenda mahali ambapo kaka yake hayupo, akamfuata.

Sasa ulikuwa mwezi wa Shaabani, na habari zilizofika zilikuwa mbaya tupu. Wapiganaji wamepigwa. Kibiti watu wamehama na kuku wamebaki wenyewe. Askari walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba wakiuliza, mume wa huyu yuko wapi? Mke asiye na jibu alichukuliwa yeye, akafungiwa mpaka mumewe ajilete. Wanawake wawili wa kijiji cha jirani walikwisha chukuliwa Alhamisi iliyopita, mmoja wao akinyonyesha.

Njia ya kutokea aliiona Sadala, kaka yake Zamda, aliyekuwa rubani wa kuvipitisha vyombo kwenye vijito. Merikebu ya Kihispania ilikuwa imekuja kupakia magome, na mpishi wake amekufa kwa homa. Nahodha wake, Don Eusebio, alitaka mpishi wa kumfikisha Unguja tu, ambako shangazi yao Mwamvua alikuwa na nyumba. Na kwa kuwa Sadala mwenyewe ndiye angeiongoza merikebu mpaka huko, hapakuwa na mdomo wa kusema mwanamke kaondoka peke yake na mabaharia.

Tatizo lilikuwa nahodha. Amekwisha kukataa wapishi watatu wa Kiomboni, wote wanaume wazima wenye sifa zao. Kila mmoja aliwekewa chakula aonje, akaulizwa kama ni kizuri, na kila mmoja, kwa kuwa ni mtu mwenye adabu zake, akajibu kwamba ni kizuri sana. Nahodha akawafukuza. Inasemekana aliwahi kuharisha wiki mbili katikati ya bahari kwa ajili ya mpishi aliyekuwa akikisifu kila kitu, akaapa kwamba hatapanda tena na mtu asiyeweza kumwambia kwa lugha yake: hiki sikipendi.

"Haya," Salumu alisema siku ya pili, "wapenda kula nini?"

"Chochote tu."

"Chochote si chakula. Wali au ugali?"

"Vyote riziki."

"Wallahi utaachwa hapa! Mie sikuulizi kama ni riziki. Ukiwa peke yako jikoni, mlango umefungwa, hakuna mtu, wachukua kipi?"

Zamda alifikiri. Alifikiri mpaka akaona haya, maana jibu lilikuwepo. "Ukoko," alisema kwa sauti ndogo. "Ule wa chini ya sufuria, ulioshika rangi. Lakini huwa namwekea mama mkwe."

"Me gusta ukoko!" Salumu akapiga makofi. "Umeona? Hujafa. Na usichokipenda?"

Hapo palikuwa pagumu zaidi. Zamda alitazama mdomo wa kijito. Mtumbwi mmoja, mvuvi wa kaa. Alirudisha macho akayaangalia magome, akasema harufu ya magome haipendi. Akasema hapendi kuamshwa kwa kuitwa mara mbili. Akasema, na safari hii neno lilitoka lenyewe, kwamba hampendi kambale.

Mwenyewe alishtuka. Kambale ndiye aliyekuwa samaki wa Kibwana. Kila mafuriko yalipokauka Kibwana alikwenda kuvua mabwawani, akarudi na kambale mnene, akamchagulia mkewe kichwa, akakaa akimtazama anavyokula. Na Zamda alikula, akisikia tope kooni, akashukuru, akaramba vidole. Miaka saba ya ndoa, kambale wangapi? Kibwana alikuwa akiwaambia watu sokoni, mke wangu mimi kwa kambale hasemeki.

"No me gusta kambale," alisema polepole.

"Nini hicho unachosema juu ya samaki wa mwanangu?"

Alikuwa Mwanaamina, mama yake Kibwana, amekuja na kikapu kutafuta kuni. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye macho ya kuona kila kitu, na tangu wanawe wawili waondoke alikuwa halali vizuri, kwa hiyo hata mwanga wa mchana ulimwudhi.

"Ni masomo, mama," Zamda alisema.

"Masomo ya kukitema chakula! Mwanamke aliyefundwa asimame juu ya magome akitangaza hapendi hiki, hapendi kile, kama mtoto wa mjini. Na Salumu na uzee wako wamfundisha!" Akageuka na kikapu chake kitupu, maana kuni alizisahau.

Siku ya tatu Zamda hakuweza hata kukaa chini. Alifagia uwanja mara tatu. Alifunga kifurushi chake cha safari, akakifungua, akatoa kanga moja, akairudisha. Kila mbwa alipobweka kijijini moyo ulimruka. Akiwa barabarani kwenda magomeni alirudia maneno yake, me gusta, no me gusta, na alipofika alimwuliza Salumu jambo ambalo lilikuwa likimsumbua.

"Mzee, weye hilo la no ulilitumia kwa kitu gani, mara ya kwanza?"

Salumu akainama. Akachukua gome, akalipanga, akalipangua.

"Sikulitumia," alisema. "Siku ya kwanza melini waliniletea nyama. Nikajua ni nyama gani kabla sijaiona, kwa harufu tu. Wakaniuliza, le gusta? Wote wananitazama. Nikaona haya, mwanangu. Mgeni, nimepewa kazi, nimepewa sahani, nianze kukataa? Nikasema me gusta. Basi. Nimekwisha kusema. Kesho yake wakaniongezea, wakasema Salumu anapenda nguruwe. Miaka kumi na mmoja. Neno lenyewe nililijua siku ya pili, nimetembea nalo mdomoni bahari zote, sikulitoa."

Zamda akamsogezea gome jingine.

"Nimetubu," Salumu alisema. "Lakini ndiye mwalimu uliyenaye. Haya, sema tena."

Kesho yake Sadala alimpeleka melini. Salumu alibaki chini mtumbwini, amekunja shingo akitazama juu. Nahodha Eusebio alikuwa mtu mkubwa mwekundu, shati limemganda mwilini. Alikuwa amepika mwenyewe, na alimwekea Zamda sahani ya wali.

Wali! Mtu wa Rufiji umwekee wali ule! Juu una kiini, katikati bokoboko, chini umeungua mpaka moshi umepanda juu, na chumvi kana kwamba kimeanguka kibuyu kizima. Zamda alitia tonge mdomoni. Macho yakataka kutoka machozi.

"¿Le gusta?" nahodha aliuliza, na akajiinamisha mbele.

Kila alichofundishwa Zamda maishani kilisimama kwa pamoja: mwenyeji huyu, chakula chake hiki, amepika kwa mkono wake.

"Me gusta," alisema.

Uso wa nahodha ukanywea. Akaichukua sahani, akasema maneno mawili kwa Sadala, akapunga mkono kuelekea ngazi. Sadala alifumba macho. Zamda aliinuka akaenda, akaweka mguu wa kwanza kwenye ngazi, na alipotazama chini alimwona Salumu anamtazama. Alikwisha kujua kwa kumwona tu, na akakiinamisha kichwa chake chenye mvi kama mtu aliyefumaniwa yeye.

Zamda akautoa mguu ngazini. Akarudi mpaka mezani, akaivuta ile sahani.

"No," alisema. "No me gusta." Akaitoa punje ya juu, akaivunja kwa ukucha aonyeshe kiini chake. "No me gusta." Akaionyesha chumvi. "No me gusta." Na kwa kuwa alikwisha kuanza, akalionyesha sufuria lenye masizi ndani, akalionyesha na lile tambara chafu la kufutia, nalo no me gusta, mpaka Sadala akamvuta kanga kwa nyuma.

Nahodha alicheka mpaka akakohoa. Akamsukumia mchele na kibuyu cha maji, akakaa kusubiri. Alipomaliza kula sahani ya tatu alisema ndiyo, na Sadala akafumbua macho.

Kiomboni nzima walimpongeza Zamda, lakini mtumbwini wakati wa kurudi yeye alilia. Alilia kwa sababu lile neno lilikuwa jepesi. Alidhani litakuwa zito kama gogo, kumbe ni pumzi tu, na baada ya kulitoa hakuna aliyekufa. Basi kwa nini siku ile mlangoni hakulitoa?

Siku ya tano, adhuhuri, wakati kifurushi kimefungwa kwa mara ya mwisho, alikuja Swalehe. Huyu alikuwa jirani yao, aliondoka siku moja na Kibwana na Mussa. Alikuja kwa kijito cha nyuma, tope mpaka kifuani, na alipoingia ndani hakukaa mpaka mlango ulipofungwa. Ndani walikuwemo Zamda, mkwe wake Mwanaamina, na Sadala.

Kwanza alimshika Mwanaamina mikono yote miwili. "Mama, Mussa hatunaye," alisema. "Risasi. Ile dawa haikufaa kitu."

Mwanaamina hakupiga ukelele, maana ukelele ungesikika. Alikaa chini mahali alipokuwa, akajifunika kanga uso mzima.

"Kibwana yu hai," Swalehe akaendelea. "Ana jeraha la bega, mkono wa kushoto haunyanyuki. Yuko huku juu, mwendo wa nusu siku kwa mtumbwi. Wenzetu wanapanda kwenda Mloka, huko askari hawajafika, ingawa watu wanalala juu ya madungu, vibanda vya nguzo ndefu, kwa kuogopa tembo. Shemeji, kanituma kwako. Ati nikuulize: aje, au aende na wenzake?" Akafungua kitambaa kiunoni. "Na kakuletea hiki. Tumekaa na njaa siku tatu, tukampata huyu bwawani, akakataa asiliwe. Kasema anajua unavyompenda."

Alikuwa kambale, amekaushwa kwa moshi, kichwa chake kikubwa kizima.

Zamda alimpokea kwa mikono miwili. Alitaka kucheka na alitaka kupiga kelele. Hata risasi hazikumtoa mtu yule akilini wazo kwamba mkewe anapenda kambale, na nani alaumiwe? Ni yeye aliyeramba vidole.

"Akija, askari wakimkuta hapa, mnakwenda wote," Sadala alisema haraka. "Weye una nafasi yako melini. Mwambie aende Mloka. Mungu akipenda mtaonana."

Zamda alimtazama mkwe wake kama alivyozoea kumtazama kila alipoulizwa jambo. Mwanaamina aliishusha kanga. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Usinitazame mie," alisema. "Kakuuliza weye."

Nje kuku alikuwa akiparua. Swalehe alikuwa akisikiliza nyayo zisizokuwepo.

"Mwambie simpendi kambale," Zamda alisema. "Sikumpenda hata siku moja. Na mwambie aje. Si aonavyo yeye. Mie ndiye nataka aje."

Sadala alitukana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya dada yake. "Kesho alfajiri maji yakijaa naiondoa merikebu, uwemo usiwemo," alisema. "Nitatia nanga kisiwa cha mwisho, kungoja maji ya alasiri ndiyo tuvuke fungu la mchanga. Zaidi ya hapo siwezi kitu."

"Kisiwa cha mwisho," Zamda alirudia.

Alfajiri aliiona merikebu ikiteleza kati ya mikoko, milingoti juu ya miti, na hakuwemo. Aliketi magomeni, akasimama, akaketi. Maji yakaanza kutoka. Jua likapanda, tope likaonekana, kaa wakatoka mashimoni. Alijilaumu, akajitetea, akajilaumu tena. Labda Kibwana hakuweza kusafiri. Labda Swalehe amekamatwa njiani na ule ujumbe wa kambale umeishia kwa askari. Salumu alikuja akakaa naye. Alipanga magome yale yale.

Saa nne za asubuhi mtumbwi ulitokea. Swalehe alikuwa nyuma akisukuma kwa pondo, na mbele, ameegemea ubavu, alikuwa mtu aliyekonda ambaye Zamda hakumtambua mpaka alipoinua mkono mmoja, ule wa kulia.

Hapakuwa na nafasi ya kulia. Mwanaamina alishuka mpaka kwenye tope, akamgusa mwanawe usoni, akamrudisha mtumbwini. Kwenda naye alikataa. "Lazima abaki mtu wa kumsomea Mussa," alisema. Kisha akamtia Zamda mkononi kitu kimefungwa jani la mgomba, bado cha moto. "Ukoko," alisema. "Nasikia waupenda."

Walipiga kafi, Zamda mbele na Swalehe nyuma, na maji yaliyokuwa yanaanza kupanda yakiwarudisha. Viganja vilimchubuka. Walipoiona milingoti karibu na kisiwa cha mwisho, nanga ilikuwa tayari inapandishwa.

Nahodha Eusebio alichungulia. Akamwona Zamda, akafurahi. Akamwona mtu mwenye bega lililofungwa matambara ya damu, akaacha kufurahi. Akanyoosha kidole kimoja. Mpishi. Mmoja.

"No me gusta," Zamda alisema kutoka mtumbwini.

Nahodha akarudia kidole chake.

"No me gusta. Prefiero..." Hesabu Salumu hakumfundisha. Akanyoosha vidole viwili, akavishikilia juu, mkono umejaa malengelenge. "Prefiero."

Na hapo Sadala, aliyekuwa ameshika usukani, aliuachia akaketi chini juu ya kamba. Alimwambia nahodha kwa ishara kwamba macho yanamsumbua, fungu halioni vizuri leo. Nahodha alimtazama rubani, akatazama maji yanayopanda na saa inayokwenda, akatazama jiko lake la baridi. Akatukana kwa lugha yake kwa muda mrefu. Kisha akaagiza ngazi ya kamba.

Swalehe aligeuza mtumbwi kwenda kuwatafuta wenzake njia ya Mloka. Merikebu ilivuka fungu alasiri ile, na mikoko ikawa mstari mwembamba nyuma yao. Zamda alipika, nahodha akala, na baada ya hapo Zamda alimfuata Kibwana alipolala kwenye kivuli cha magome, akamvunjia ukoko vipande vidogo vidogo.

"Swalehe kaniambia humpendi kambale," Kibwana alisema mwishowe.

"Simpendi."

"Miaka saba, Zamda."

"Miaka saba."

Kibwana akacheka kidogo, bega likamwuma, akaacha. Alitazama juu kwenye matanga. "Siku ile mlangoni," alisema, "sikuwa nakuuliza kwa adabu. Nilikuwa naogopa. Nilitaka uniambie nibaki, na Mussa asikie kwamba mke wangu kanizuia. Nisingekwenda. Naye asingekwenda."

Hakulisema kwa hasira. Laiti angekasirika, Zamda angepata pa kushika. Alivikusanya vipande vya ukoko vilivyoanguka juu ya kanga, kimoja kimoja, mpaka vikaisha.

"Nilitaka ubaki," alisema.

Alilisema kwa Kiswahili, waziwazi, miezi miwili na nusu baada ya siku yake, na Mussa hakuwepo kulisikia.